Nilivyoupindua Msumeno wa Mkononi Ukawa Meza ya Kupasulia

Meza ya kupasulia mbao ya kiwandani, hata ile ndogo inayobebwa na watu wawili, bei yake pale Kariakoo, Dar es Salaam, inanunua misumeno ya umeme ya mkononi mitatu na nauli inabaki. Kwa fundi wa Keko anayetoa makabati kila wiki, hesabu hiyo inalipa. Mimi natengeneza rafu, stuli na vitanda vya watoto nyuma ya nyumba huku Kimara, jioni na Jumamosi, baada ya kazi inayonipa mshahara. Kwangu hailipi. Msumeno wa mkononi nilikuwa nao tayari, wa diski ya inchi saba na robo, wati 1,400. Nikaamua kuupindua, kuufunga chini ya meza na kuiacha diski ichomoze juu.

Wazo lenyewe ni la zamani na mtaani lipo kila mahali. Utakuta mbao mbili zimegongewa kipande cha plaiwudi, msumeno umeshikizwa chini kwa misumari iliyokunjwa, na kitufe kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ili kisijiachie. Inapasua, tena vizuri tu. Nimewahi kununua mbao zilizopita kwenye meza ya namna hiyo na zilikuwa zimenyooka. Ila kila nilipozichungulia meza hizo kwa chini, jambo moja lilinikaa kichwani. Msumeno wa mkononi umeundwa ukitegemea kwamba mikono ya mtu iko juu yake. Una kinga ya chini yenye springi, inayojifunga yenyewe diski ikitoka kwenye mbao. Una kitufe kinachokata umeme kidole kikilegea. Ukiupindua, kinga unaikunja, kitufe unakifunga, na mikono yako iliyokuwa imeshika mashine sasa inatembea mezani kuelekea ilipo diski. Yaani umevua kila kitu kilichokuwa kinakulinda, halafu ukasogea karibu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya muda wangu na pesa zangu haikwenda kwenye meza. Ilikwenda kurudisha kimoja kimoja nilichokivua.

Lakini tuanze na uso wa meza, kwa sababu hapo ndipo penye hesabu inayowakwaza wengi. Msumeno wa diski ya inchi saba na robo, yaani milimita 184 au 185 kutegemea nani kaandika kwenye boksi, hukata kina cha milimita 65 hivi diski ikiwa wima. Ukiilaza nyuzi 45 unabaki na 45 hivi. Sasa ukiweka plaiwudi ya milimita 18 kati ya kitako cha msumeno, ile sehemu bapa inayolala juu ya mbao, na mbao yenyewe, zile 65 zinakuwa 47. Mbao ya mbili kwa nne ambayo haijapigwa randa ina unene wa milimita 50 hivi. Unakosa milimita tatu, na hizo tatu ndizo zitakazokulazimisha kuigeuza kila mbao na kuipitisha mara mbili.

Wapo wanaoweka bati la chuma au aluminiamu badala ya plaiwudi pale katikati, na hilo ni jibu zuri kama una mtu wa kukukatia bati lililonyooka. Mimi nilichimba. Niliuweka msumeno kifudifudi juu ya ubao, nikachora kitako chake kwa penseli, nikalipunguza eneo lile kwa ruta ya kuazima, ile mashine ya kuchimbia mbao, na kumalizia pembe kwa patasi, mpaka plaiwudi ikabaki milimita 8. Kando ya shimo hilo, pande zote mbili, nikapitisha mbao za mbili kwa tatu zilizosimama ubavu, ili zile milimita 8 zisibebe peke yake mashine ya karibu kilo tano inayotetemeka. Sasa nina kina cha milimita 57, na mbili kwa nne inapita kwa mkupuo mmoja.

Plaiwudi niliyochagua ni ile yenye uso wa kahawia unaoteleza, inayotumika kufungia zege. Mbao hupita juu yake bila kukwama na maji ya gundi yakidondoka yanafutika. Usichukue iliyokwisha kutumika saiti hata kama unapewa bure. Imeshalowa, imeshakauka, imeshapinda, na meza iliyopinda haiwezi kutoa mbao iliyonyooka. Niliipima mpya dukani kwa ukingo wa skwea paipu ndefu, nikaikataa ya kwanza na ya pili, muuzaji akanuna, nikachukua ya tatu.

Bolti ni nne, zenye vichwa vya kuzama, kutoka juu hadi kwenye kitako, na chini nikaweka nati zenye plastiki ndani kwa sababu nati ya kawaida kwenye mtetemo ule hujifungua yenyewe. Kabla ya kutoboa kitako, tazama ni cha nini. Kile cha bati la chuma lililokunjwa hakina shida. Cha kumiminwa, kile cha aloi nyepesi, kitoboe polepole na mbali na kingo, maana huweza kupasuka. Matundu manne hayakuudhuru msumeno wangu. Nikiuhitaji mkononi kwa ajili ya kukatia paa au ubao mzima, naufungua, kinga naikunjua, na kazi inaendelea.

Kabla ya kufunga bolti hizo kuna swali moja ambalo ukilijibu vibaya hakuna kitu kingine kitakachokuokoa: utasimama upande gani? Msumeno ukiwa mkononi, meno ya mbele hupanda kutoka chini ya mbao kwenda juu. Ukiupindua, meno hayo hayo ya mbele yanashuka kuelekea mezani. Kwa hiyo unatakiwa kusimama upande wa pua ya msumeno na kuisukuma mbao kuelekea nyuma yake. Hapo meno yanaigandamiza mbao chini na kuirudisha kidogo kwako, nawe unaisukuma dhidi yake. Ukifunga kinyume ukalisha kutoka nyuma, diski itainyakua mbao na kuivuta kwenda mbele, pamoja na chochote kilichoishika. Nilichora mshale mkubwa wa rangi nyekundu juu ya meza, unaoonyesha mbao inakoelekea, na kijana anayenisaidia nilimwonyesha huo mshale kabla sijamwonyesha swichi.

Kutokana na mzunguko huo huo linatoka jambo dogo la usafi wa kazi. Ukikata kwa mkono, upande mzuri wa ubao unaulaza chini, kwa sababu meno huichana mbao pale yanapotokea, yaani juu. Mezani ni kinyume: upande mzuri juu. Ukikata ubao wenye melamini nyeupe utaona tofauti papo hapo, ukingo mmoja umenyooka na mwingine umeliwa vipande vipande.

Mwongozo, yaani ule ukingo ambao mbao inauegemea ikipita, ni skwea paipu ya aluminiamu niliyoipata Gerezani, imebanwa kwa klempu mbele na nyuma. Watu hununua diski ya gharama na kuegemeza mbao kwenye kipande cha ubao kilichopigwa msumari mmoja, kisha wanailaumu diski. Mwongozo ukikaribia diski kwa nyuma kuliko mbele, mbao inabanwa kati ya viwili hivyo, inaungua, inanuka moshi, na siku mbaya inarushwa. Ninavyoupima: nachomoa plagi, naweka alama ya maka peni kwenye jino moja, nazungusha diski mpaka jino hilo likae mbele, napima umbali wake hadi kwenye mwongozo. Kisha nalizungusha jino lile lile hadi nyuma na kupima tena. Ni lazima liwe jino lile lile, kwa sababu diski nyingi za bei yetu hazijanyooka kabisa, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima kupinda kwa diski. Wangu nimeuacha wazi kwa nyuma kwa unene wa karatasi.

Kuhusu wima wa diski, guni, yaani kipimo cha pembe mraba, peke yake haitoshi, maana kitako cha msumeno wa bei nafuu kina alama ya nyuzi sifuri ambayo haiaminiki. Kata kipande cha mbao pana, pindua nusu moja chini juu, kutanisha zile sura mbili zilizokatwa juu ya meza. Kama hakuna mwanga kati yake, diski imesimama. Kama kuna mwanya, kosa halisi ni nusu ya mwanya unaouona. Kwangu mwanya ulionekana wazi ingawa alama ilisema sifuri, nikalegeza nati ya pembe, nikasogeza kidogo, nikakata tena, hivyo hivyo mpaka mwanga ukafungika.

Sasa tuje kwenye ulimi wa chuma, kile kipande kinachosimama nyuma ya diski. Misumeno mingi ya mkononi haina, na meza za mtaani karibu zote hazina. Nilidhani ni pambo la kiwandani mpaka nilipoanza kupasua paina.

Paina inayoshuka Dar kutoka Mafinga, kwenye misitu ya Sao Hill, mara nyingi hufika ikiwa bado na maji. Mbao ya namna hiyo imebeba mvutano ndani yake. Ukiipasua kwa urefu, pande mbili zinaachana au zinarudiana, na huwezi kujua kabla. Zikirudiana, zinaibana diski kwa nyuma. Sehemu ya nyuma ya diski ndiyo yenye meno yanayopanda juu na kuja upande wako. Fanya hesabu: kipenyo cha milimita 185, mizunguko kama 5,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda mita 48 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Mbao iliyobanwa pale inakamatwa na meno hayo, inainuliwa, na kurushwa ulipo tumbo lako. Mkono uliokuwa unaisukuma unabaki bila kitu cha kusukuma, na mbele yake kuna diski.

Ulimi unaingia kwenye mkato nyuma ya diski na kuzuia zile pande mbili zisikutane. Vipimo vyake havina mchezo. Lazima uwe mnene kuliko bati la diski na mwembamba kuliko mkato wenyewe. Diski yangu ina bati la milimita 1.6 na meno yanayokata milimita 2.4, nikatumia chuma cha milimita 2. Ukingo wake wa mbele umefuata mviringo wa diski na hauachi nafasi inayozidi milimita 8. Nilikata kwanza umbo kwa kadibodi, nikalipeleka Gerezani, fundi wa chuma akalikata na kulipiga tupa huku akiuliza ni kifaa cha gari gani.

Shida ya msumeno uliopinduliwa ni kwamba ulimi umefungwa kwenye meza, nao hausogei na diski unapopunguza kina. Diski ya msumeno wa mkononi haishuki wima, inashuka kwa kuzunguka kwenye egemeo, kwa hiyo nafasi kati yake na ulimi hubadilika. Nilihangaika na hilo, nikaishia kutengeneza ndimi mbili: mmoja wa kina chote kwa ajili ya mbili kwa nne, mwingine mfupi kwa ajili ya plaiwudi na mbao za inchi moja. Nabadilisha kwa bolti mbili za mabawa. Juu ya kila ulimi nimeshikiza kinga ya plastiki angavu, ile isiyovunjika kama kioo, inayoifunika diski kwa juu na kuinuka kidogo mbao inapopita.

Nilijua ulimi unafanya kazi siku ya mbao moja ya moja kwa nane. Sauti ya mota ilibadilika katikati ya safari, ikashuka kutoka ule mlio mwembamba hadi mngurumo, na mbao ikawa nzito mkononi. Nilizima kwa goti. Diski iliposimama niliangalia kwa nyuma: zile pande mbili zilikuwa zimeubana ulimi kiasi kwamba sikuweza kuivuta mbao kwa mkono. Ilibidi nipige kabari ya kipande cha mti ndipo ikaachia. Bila kile chuma cha milimita 2, kilichobanwa vile kingekuwa diski.

Nimesema kwa goti. Kitufe cha msumeno wenyewe kimefungwa, hapo sijatofautiana na mafundi wengine, lakini plagi yake haiingii ukutani. Inaingia kwenye swichi iliyofungwa mguuni mwa meza, yenye kitufe cha kijani cha kuwashia na kibao kipana chekundu cha kuzimia, ninachokisukuma kwa goti mikono ikiwa bado imeshika mbao. Ndani ya swichi hiyo kuna sumaku. Umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze tena.

Kwa wenzetu ambao umeme haukatiki, huenda hiyo ni anasa. Kwetu sisi wa LUKU ni jambo la kila wiki. Jioni moja uniti zilikwisha mbao ikiwa imefika katikati. Kila kitu kikanyamaza, redio ya jirani tu ndiyo ikabaki inaimba. Nikainama kuiondoa ile mbao kwenye diski, na wakati huo mke wangu ndani ameshanunua umeme kwa simu na anaingiza namba kwenye mita bila kujua niko katika hali gani. Taa ya kibarazani ikawaka juu ya kichwa changu, mkono wangu ukiwa sentimita chache kutoka kwenye meno. Diski haikuzunguka. Kwa kitufe kilichofungwa kwa ukanda wa tyubu na plagi ya ukutani, ingezunguka.

Waya nao usifanyiwe mzaha. Wati 1,400 kwa volti 230 ni ampea sita na ushee mashine ikikata, na inapoanza kuwaka inameza mara kadhaa ya hizo. Ekstenshani nyembamba ya kuchajia simu itapata moto, volti zitashuka, mota itazunguka kwa shida na kuungua mapema. Nimevuta waya wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi, kutoka kwenye breka yake. Na kama unatumia ekstenshani ya kuviringisha, iviringue yote. Ikiwa imejikunja kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe.

Meza ilipokuwa tayari nilimwalika mzee mmoja fundi seremala wa Keko, ambaye nimekuwa nikimpelekea kazi za kuchonga zinazonishinda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndicho chombo chenyewe hiki?"

Hakuuliza kinapasua nini. Kwanza alifuata waya kwa macho hadi kwenye plagi, akahakikisha imechomolewa, ndipo akaizungusha diski kwa kidole, taratibu, akiwa ameinamisha sikio. Kidole hicho, cha shahada cha mkono wa kushoto, hakina pingili ya mwisho.

"Beringi nzima," alisema. "Unasukumia nini?"

Nikampa kijiti changu cha kusukumia, chembamba, chenye kijino mwishoni. Alikigeuza, akakirudisha.

"Hiki kinasukuma nyuma. Mbele nani anaikandamiza? Mbao ikiinuka utafanyaje? Tengeneza kama kiatu, kiilalie mbao, kisigino kinasukuma na nyayo inabana. Mkono mwanangu ni wa kulia ugali."

Nilikitengeneza siku ile ile kwa kipande cha plaiwudi, yeye akiwa amekaa kwenye stuli anakunywa chai. Kwa kuwa alikuwa ametulia, nilimwuliza kuhusu kidole. Nilitarajia kisa cha gogo la mninga na mashine kubwa. Kumbe alikuwa amemaliza kupasua, ameshazima, akawa anazungumza na mteja. Kipande kidogo cha mabaki kilikuwa kimelala karibu na diski, akanyoosha mkono akiondoe. Diski ilikuwa bado inazunguka kimya kimya kuelekea kusimama.

"Mashine ilikuwa nimeizima," alisema, akasema tena, kama vile mpaka leo analalamikia jambo hilo.

Tangu hapo sigusi kitu mezani kabla sijaona meno ya diski kwa macho, moja moja. Kipande kikilala pale, kikae. Niliwahi kusoma kwamba Marekani, ambako takwimu za namna hii hukusanywa na tume yao ya usalama wa bidhaa, mwaka 2015 pekee walikadiria zaidi ya majeruhi 30,000 waliotibiwa hospitalini kwa kuguswa na diski za misumeno ya meza. Nyingi kati ya mashine hizo ni za kiwandani, zilizotoka na kinga zake. Yangu imetoka Kimara.

Glavu sivai nikiwa kwenye diski, ingawa wageni hunishangaa. Uzi wa glavu ukidakwa na jino, mkono wote unafuata. Mikono mirefu ya shati naikunja, na miwani ya plastiki haitoki usoni.

Kwa kukata mkingamo, yaani kukatisha nyuzi za mbao, nimetengeneza kitoroli cha plaiwudi kinachoteleza juu ya meza kwenye mifereji miwili, chenye ukingo ulionyooka kwa diski. Nyuzi 90 zake nilizipata kwa ile tatu, nne, tano ya mafundi ujenzi, sentimita 30 huku, 40 kule, na 50 zikakubali kukutanisha. Mwongozo unaondolewa kabisa wakati wa kazi hii. Kipande kifupi kikikwama kati ya mwongozo na diski hakina pa kwenda isipokuwa usoni kwako. Zaidi ya hapo kitoroli hakina maneno mengi. Kinafanya kazi.

Vumbi ndilo lililonichosha. Mota ya msumeno wa mkononi ilipangwa vumbi lidondoke mbali nayo. Ukiipindua inakaa chini ya kisima cha vumbi na feni yake inavuta kila kitu. Nilizungushia boksi la plaiwudi upande wa diski tu, lenye tundu la bomba la kivuta vumbi, na mota nikaiacha nje ya boksi ipate hewa safi. Kila mwisho wa wiki naipuliza. Kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, nazikagua, zikibaki fupi nabadilisha, ni za bei ndogo na zinapatikana. Inapokata mbao ngumu naipumzisha kwa kuiacha izunguke bila mzigo kidogo ili feni iipooze, kwa sababu mota hizi hazikuundwa kufanya kazi asubuhi hadi jioni.

Na pua yako pia ihurumie. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mvule una sifa yake mbaya zaidi, unawasha ngozi na kubana kifua. Mbao za paa zilizowekwa dawa ya kijani nazipasua nje tu, na barakoa ya kweli, si kitambaa. Dawa aina ya CCA ina shaba, kromiamu na arseniki. Vipande vyake watu huvichukua kuwashia jiko. Mimi navifungia kwenye gunia na nimewakataza nyumbani kwangu na kwa jirani, jirani akidhani nabania kuni.

Mbao za paleti kutoka bandarini ni nzuri na za bei nafuu, ila zipitishe sumaku kwanza. Msumari uliokatika ndani hauonekani, na jino la kabaidi likigonga chuma linaondoka.

Diski iliyokuja na msumeno ilikuwa ya meno 24, nayo naitumia kwa kupasua kwa urefu. Kwa plaiwudi na mkingamo naweka ya meno 60. Kubadilisha kunachukua dakika chache, plagi ikiwa imechomolewa na imewekwa juu ya meza ninapoiona.

Kuna kazi ambazo meza hii haifanyi nami nimeacha kuilazimisha. Mninga wa inchi mbili, mrefu, naubeba hadi kwenye mashine kubwa ya pale ninaponunulia mbao, wanaupasua kwa pesa kidogo kwa kila futi na mota yangu inabaki salama. Mkato wa kulaza naukwepa, kwa sababu diski ikilala inaiacha nafasi ya ulimi na kinga. Na sipasui mbao fupi kuliko kiatu changu cha kusukumia.

Vijana wawili wa mtaani wameona, wamependa, wameniomba niwatengenezee za kwao. Wa kwanza amekubali kila kitu. Wa pili anataka niondoe swichi na ulimi ili bei ishuke, maana swichi peke yake imezidi bei ya plaiwudi, na katika hilo ana haki ya kulalamika. Nimemwambia nitaitoa faida yangu, swichi hapana. Hajarudi na jibu, lakini jana alipita akauliza kama Gerezani kuna swichi za mitumba.